Sindano na Simu ya Tatu

Mkwe wangu akikutazama unavyoingia mlangoni, ameshajua kiuno chako kimeongezeka kiasi gani tangu mlipoonana, na atakwambia, tena mbele za watu. Si ubaya wake. Ni fundi cherehani, macho yake yamezoea kupima. Sare za shule mnazoziona zikipita mtaani kwetu asubuhi, nyingi zimetoka mkononi mwake, na akiona sketi ya mtoto wa watu imefumuka pindo atamsimamisha barabarani, apige magoti, alishone pale pale mtoto akiwa ameivaa. Mtoto akilia kwamba amechelewa, atamwambia, "Afadhali uchelewe na pindo kuliko uwahi bila pindo."

Aliyempa jina la Sindano ni mume wake, mwanangu wa mwisho. Alisema huyu mwanamke ni mwembamba, hapindi, na ukimwendea vibaya anakuchoma. Jina likamkaa kama gauni alilolikata mwenyewe. Nasimulia habari zake kwa sababu mtaani zimesimuliwa vya kutosha na watu wasiozijua, na mmoja aliyezijua kupita kiasi.

Mwanangu alifariki. Aliacha mke, binti mdogo, na mimi. Watu walikaa wakisubiri Sindano afunge virago arudi kwao. Yeye alipomaliza kulia alikuja chumbani kwangu, akaninyanyua, akanipima mabega kwa viganja, akasema, "Mama, umekonda. Kuanzia leo unakula ninapokula mimi." Ndivyo ilivyokuwa. Anakula haraka haraka kama anayefukuzwa, na mimi nikajifunza kukimbia na kijiko.

Kukimbia kwa miguu siwezi tena. Nyonga yangu iliharibika nikishindana mbio na mbuzi. Mbuzi alishinda, lakini alinitangulia kabla sijajiandaa. Daktari aliandika kwamba niliteleza bafuni; daktari hakuwepo. Baada ya hapo mwanangu, alipokuwa bado hai, alipachika kamera juu ya kabati la sebuleni, kitu kidogo cha duara kama jicho la bundi, ili mkewe akiwa kibandani kwake mtaa wa pili achungulie kwenye simu aone kama nimekaa au nimelala chini, na asikie nikiita. Sindano akitoka alikuwa anafunga mlango kwa nje, kwa ajili ya watu wasiojulikana, na ufunguo mwingine nilikuwa nauvaa mimi shingoni. Nikitaka kutoka nilitoka. Mara nyingi nilitaka.

Upande wa kulia, ukuta kwa ukuta, anakaa jirani tunayemwita Mama Hodi. Tulimpa jina hilo kwa sababu yeye hupiga hodi akiwa ameshakaa. Ni mjane pia, watoto wake wako mbali, na msibani kwetu alifanya kazi ya watu kumi: alipika, aliosha vyombo, alimshika Sindano mkono makaburini asianguke. Kwa hiyo hata alipoanza kusema maneno ya ajabu, hatukuyatilia maanani. Siku moja alimkuta Sindano anaanika nguo akamwambia, "Pole shoga yangu, jana ulilia sana pale kwenye kochi." Sindano alishika kibanio cha nguo hewani. Alikuwa amelia, ndiyo, lakini alilia kimya, na mtoto alikuwa shule, na mimi nilikuwa nimesinzia chumbani. Akajiambia ukuta ni mwembamba. Sote tukajiambia ukuta ni mwembamba.

Halafu zikaanza simu za mwanangu mkubwa.

Huyu wa kwanza, ambaye sote tunamwita Mkubwa, anakaa mji mwingine na anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Mtu akisema nyumba yake imeungua, Mkubwa anatumwa kwenda kutomwamini. Ni kazi nzuri, inampa gari. Lakini mtu akikaa humo muda mrefu anakuwa hivyo hata nyumbani; nilimtumia salamu akauliza aliyezileta ni nani.

"Mama," akaniuliza siku hiyo, "kwa nini jana umekula ukiwa umekaa chini?"

"Chini ndiko kuliko na mkeka. Nani kakwambia?"

"Nimejua tu. Na dawa za asubuhi, kwa nini umezinywa mchana?"

"Kwa sababu asubuhi nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani ya mtu wa umri wako?"

Nikamwambia nilikuwa nafukuza tembo bustanini. Hakucheka. Akasema, "Mama, naona mengi kuliko unavyodhani. Shemeji amekufungia ndani kama kuku. Jumapili nakuja kukuchukua uje uishi kwangu. Na ninao ushahidi, asije akabisha."

Kwake ni ghorofa ya tisa. Nilishawahi kwenda. Ukitaka kugombana na mtu lazima usubiri lifti.

Lakini hilo la ghorofa lilikuwa dogo. Lililonikaa kooni ni Sindano. Nikichukuliwa kwa ushahidi, maana yake ni kwamba yeye alinitesa. Na mwanamke aliyesemwa kuwa amemtesa mama wa marehemu mume wake hasemwi siku moja tu. Watasema wateja, watasema mashemeji, na mwisho atasema binti yake mwenyewe akishakua. Nilimwambia usiku uleule tulipokuwa tunakula. Aliweka kijiko chini. Ilikuwa mara ya kwanza naona chakula kinapoa mbele yake.

Kesho yake alianza kupima watu, siyo viuno tena.

"Mama," akaniambia, "wewe unaongea na Mkubwa kila mara?"

"Yeye ndiye anayenipigia."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia habari. Juzi nilimwambia kuhusu mamba aliyepita barabarani akauliza njia ya kwenda posta."

"Mama, sitanii."

"Na mimi sitanii. Alikuwa mamba mwenye adabu."

Alinyanyua mkono akaanza kukunja vidole. "Kinachotoka humu ndani kinatoka mdomoni mwa mtu. Mtoto hana simu. Mimi siwezi kujisema." Akabakiza kidole kimoja, kikawa kinanitazama.

Mimi nasema uongo, hilo kila mtu analijua, hata wanaokuja kunisikiliza wanakuja kwa ajili hiyo. Lakini uongo wangu ni wa kunogesha, haujawahi kumuuza mtu. Nikainuka na fimbo yangu nikaenda kulala mchana kweupe, nikasikia cherehani ya nyumbani ikilia kwa hasira sebuleni, na uzi ukikatika kila mara.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa shaka kila chumba. Sindano alifunga mapazia jua likiwaka. Alinong'ona hata alipouliza chumvi iko wapi. Kuna mwanamke anayemsaidia kazi za vifungo na tundu za vifungo, tunamwita Kifungo, huja nyumbani kuchukua vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Amekuwa akiingia mpaka jikoni miaka yote. Sindano akaanza kumpokea mlangoni, anampa furushi, anasema "haya" na mlango unafungwa. Kifungo alisimama pale nje akiwa na furushi lake kama mtu aliyeteremshwa kituo kisicho chake. Muuza maziwa naye akaambiwa aache chupa kizingitini asiingie.

Nikaona hapa bila ujanja wangu tutakufa tukiwa tunanong'onezana. Nikaamua kutumia kile ninachokijua. Nitatega uongo, kila mtu wa kwake, halafu nikae nisikilize ni upi utakaorudi kwa Mkubwa.

Muuza maziwa alikuwa wa kwanza. Nilimvuta karibu pale mlangoni. "Usimwambie mtu," nikasema. "Nimeanza kuota meno mapya. Huku nyuma. Yanawasha."

"Bibi! Kwa umri huo?"

"Daktari amesema yakimaliza haya yataanza mengine."

Kifungo alipokuja kuchukua vitambaa, Sindano alikuwa bafuni, nikamwita karibu. "Nimepata mchumba. Dereva mstaafu wa treni. Anataka harusi ifanyike ndani ya behewa, likiwa linakwenda."

Kifungo alifumba mdomo kwa mikono miwili. "Na wewe umekubali?"

"Nimemwambia kwanza nione breki."

Hao wawili walikuwa wamekwisha. Lakini machale yalikuwa yananicheza, na sikujua kwa nini. Nilisubiri mpaka Sindano ameenda kibandani, mjukuu yuko shule, nyumba nzima niko peke yangu na kabati. Nikachukua simu yangu ikiwa imezimwa, nikaiweka sikioni, nikasema kwa sauti ya mtu anayeficha: "Halo, mwalimu wa pikipiki? Ni mimi mwanafunzi wako. Leo nataka kuendesha bila kushikwa. Kofia ngumu ninayo, nimeificha uvunguni. Mkwe wangu hajui, akijua atazimia." Nikacheka kidogo, nikaketi.

Ndani ya chumba hapakuwa na mtu wa kusikia. Nzi mmoja alikuwepo, lakini huyo namjua.

Asubuhi iliyofuata muuza maziwa alikuja na wateja wake wawili, wameshika taa ya simu, wanataka nifungue mdomo waone. Kwa hiyo meno yalikuwa yametembea mtaa mzima, ila kwa Mkubwa kulikuwa bado kimya. Kifungo alikuja na kipande cha lesi amekikunja ndani ya karatasi, akanipenyezea pale mlangoni. "Cha shela, Bibi. Sijamwambia mtu, hata mume wangu." Sindano alikuwa nyuma yangu, akayasikia. Nilipomweleza maana yake, alimfuata Kifungo barabarani akamrudisha mpaka jikoni, akamketisha. Sikusikia walichosemezana. Niliona tu kwamba Kifungo alikunywa chai akiwa ameinamisha kichwa, na Sindano alimmiminia tena kabla kikombe hakijaisha.

Kisha simu yangu ikalia. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikaibonyeza isikike kwa wote.

"Mama!" Mkubwa alikuwa anapumua kama aliyepanda zile ghorofa zote kwa miguu. "Mama, pikipiki?"

Sindano alikuwa anabana mkunjo wa sketi, pini ziko mdomoni. Alizitoa moja moja, taratibu, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Pikipiki gani, mwanangu?"

"Usinifiche! Kofia iko uvunguni! Yaani huyo mwanamke anakuacha peke yako mpaka unaanza kujifunza pikipiki? Jumapili, Mama. Jumapili."

Akakata. Mimi na Sindano hatukutazamana. Wote wawili tuligeuza shingo kuelekea juu ya kabati, na lile jicho la bundi likatutazama bila kupepesa. Sindano alichukua kofia ya sare, ya mtoto wa darasa la kwanza, akaijaza vipande vya vitambaa, akapanda kiti akalifunika, lisione wala lisisikie.

Akaja kukaa karibu nami mkekani. "Nisamehe, Mama," akasema.

"Nimekusamehe tangu ulipobakiza kile kidole. Kilikuwa kinatetemeka."

Tulimwita binamu yake Sindano, kijana wa makamo anayefunga intaneti majumbani, tunamwita Mpanda Ngazi. Huyu akija kwako ficha mkate. Alikaa na simu ya Sindano, akatafuna, akabonyeza, akatafuna, halafu akaacha kutafuna.

"Hii kamera inatazamwa na simu tatu," akasema. "Moja hii hapa."

"Nyingine ni ya mume wangu," Sindano akasema. "Imo ndani ya droo, haina chaji."

"Na ya tatu?"

Sindano alitikisa kichwa.

"Ya tatu iko hewani sasa hivi. Na inatumia intaneti yenu hii hii. Ishara ya kisanduku chenu cha intaneti haifiki mbali, basi mwenyewe hayuko mbali." Akaonyesha kwa mkate ukuta wa kulia, ukuta wa nyuma, na dirisha la mbele. Nyuma yetu kuna seremala kiziwi. Mbele kuna wapangaji, wanakuja na kuondoka. Kulia mnamjua.

"Hapana," Sindano akasema. "Yule alinishika mkono makaburini."

"Sijasema ni yule," Mpanda Ngazi akasema. "Nasema kuna mtu analijua neno lenu la siri. La intaneti na la kamera ni moja?"

"Ni moja."

"Basi mmekipa kitasa cha nje na cha chumbani ufunguo mmoja. Yabadilisheni yote mawili, msiyafananishe, na huyo wa tatu tumfute. Ni kazi ya dakika chache."

"Silibadilishi," Sindano akasema.

Mpanda Ngazi alidhani ni utani. Mimi nilimtazama Sindano mdomoni, nikaona siyo utani. Alisubiri binamu yake aende chooni ndipo akaniambia. Neno lile liliwekwa na mume wake. Ni jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili tu, la ndani, ambalo hata mimi niliyemzaa sikuwahi kulisikia. Siku ya msiba ndugu walio mbali walitaka kuona mazishi kwenye simu, watu wakawa wanaomba neno la siri, na yeye, macho yamevimba, hajui hata anaongea na nani, akalitamka. Likazunguka uani kama kikombe cha maji. Wapishi walilijua, wachimba kaburi walilijua. Jina lake la chumbani.

"Nikilibadilisha," akasema, "hakuna tena mahali linapoandikwa. Intaneti ikikatika simu inaniuliza, nami naandika. Ndiyo mazungumzo yetu yaliyobaki, Mama."

Kofia ikabaki juu ya kamera, na Mpanda Ngazi akaondoka na mkate uliobaki.

Kesho yake Mama Hodi alikuja. "Hodi," akasema akiwa kwenye kochi. "Naona kimya kwenu, mko salama?" Macho yake yalipanda juu ya kabati kabla ya kunitazama mimi. Nikamwambia tuko salama, ila tunalea nyuki. Akaondoka mapema.

Jumapili Mkubwa alifika na begi kubwa la magurudumu, tupu, la kutia vitu vyangu. Alinisalimia, akamsalimia shemeji yake kwa ncha za vidole, hakukaa.

"Shemeji, sikuja kugombana. Tazama hii, halafu useme mwenyewe kama mama abaki hapa."

Akatoa simu. Nikajiona, nimetazamwa kutokea juu, mgongo wangu. Niko mlangoni, napiga ubao kwa mikono miwili, nalia: "Nifungulieni jamani! Nakufa njaa! Ameniacha humu na mifupa!" Nikapiga tena. Nikajikunja chini. Kweli nilitia huruma. Nilitaka kujifungulia mwenyewe.

Sindano alikuwa mweupe kama kitambaa cha bitana. Akanigeukia. "Mama? Ulikuwa unaniita?"

Mimi nikacheka. Haikuwa wakati wake, lakini nilishindwa. "Mjukuu wangu!" nikaita. "Njoo. Mifupa hii ni ya nani?"

Binti akachungulia simu. "Ya watu walioliwa na fisi mwenye nyumba! Hapo bibi kizee anadanganya kwamba anakufa, ili fisi afungue, halafu ampige na mwiko."

"Na wewe ulikuwa wapi? Mbona hapa huonekani?" Mkubwa akauliza.

Mtoto akaenda akaketi anapokaa siku zote nikisimulia, mkekani chini ya kabati, mgongo umegusa milango yake. Jicho la bundi linaona mbele, halioni miguuni pake.

Basi mtu wa bima hakuamini moja kwa moja. Alimpeleka mtoto uani, akafunga mlango, akamuuliza hadithi ilivyoendelea. Halafu akarudi ndani akaniuliza mimi. Nikamsimulia mpaka mwiko ulipovunjika, nikamwonyesha na ufunguo shingoni. Alisimama anajikuna kidevu. "Maelezo yanalingana," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta kweli nyumba iliungua. "Isipokuwa wewe umesema mapigo mia nne."

"Mtoto hajui kuhesabu."

Sindano hakucheka. "Shemeji, nani amekutumia hiyo?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

"Sawa. Basi niambie hili tu. Nilikuwa na tabia ya kukaa kwenye hili kochi, mtoto akiwa shule na Mama amelala. Nakaa hapa nalia. Hiyo umetumiwa?"

Mkubwa alitazama begi lake. Alilitazama muda mrefu kuliko begi linavyotazamwa. "Sikuimaliza," akasema.

Sebule nzima ikawa baridi. Sindano alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, na sijawahi kumwona mikono yake haina kazi. Nikamsogelea.

"Mkwe wangu," nikamwambia, "lile neno mwanangu hakuliweka kwa ajili ya mlango. Alikupa wewe. Sasa liko barabarani, kila mpita njia analichezea kufungulia ndani kwako. Lirudishe. Ukae nalo."

"Na mlangoni niweke nini?"

"Weka uongo wangu mmoja. Ninao mwingi."

Nikamnong'oneza sikioni. Alitoa pumzi kwa pua, karibu kucheka. Ni mrefu, una mnyama, una chakula na una kiungo cha mwili, na hapa siuandiki. Wa kamera nikampa mwingine. Alimpigia Mpanda Ngazi, akaelekezwa hatua kwa hatua. Kwanza alikaa kidole kikiwa juu ya kioo, midomo inatamka kitu bila sauti, na niligeukia dirishani kwa sababu hayakuwa yangu. Kisha akabonyeza. Akamtoa yule wa tatu kama anavyofumua mshono mbaya, uzi mmoja, ukafuata wote.

Mkubwa akataka kusema neno. Kabla hajalisema, mlango ukafunguliwa.

"Hodi!" Mama Hodi alikuwa ameshakaa, simu mkononi. "Jamani, kwenu intaneti ipo? Kwangu imezimika ghafla, hata..." Akamwona Mkubwa na begi. "Heee! Baba umefika! Mbona hukuniambia ni leo? Na mimi siku zote hizi nimebaki naona kofia tu."

Nadhani hata yeye aliyasikia maneno yake yakitua.

"Kofia gani, jirani?" Sindano akauliza, taratibu, sauti ile anayotumia akiwa na pini mdomoni.

"Mimi nilikuwa nawalinda! Huyu baba mwenyewe aliniomba nimwangalizie mama yake."

"Nilikuomba upite kumsalimia!" Mkubwa akasema.

"Sasa si ndiyo nilikuwa napita? Nilipita kutwa nzima, tena bila kuwasumbua kufungua mlango!" Akanigeukia mimi. "Bibi, kwangu ni kimya. Wewe ukianza zile hadithi mimi naacha mpaka chakula kinaungua. Ile ya fisi nilijua kabisa ni hadithi, nilimtumia baba nikidhani atacheka." Hapo alimtazama Mkubwa, halafu akatazama chini, na mimi sikumwamini hata kidogo, ila kile cha chakula kuungua nilikiamini, maana harufu tulikuwa tunaisikia. "Na wewe shoga yangu ukilia, nalia na wewe."

"Sikukualika kwenye kilio hicho," Sindano akasema.

Alinyoosha mkono, kiganja juu. Mama Hodi akampa simu. Wakakaa bega kwa bega, kama siku ile ya makaburini, akafuta video zote mbele yake, na kila moja Mama Hodi aliitazama ikipotea. Sindano akamgeukia Mkubwa, akanyoosha mkono ule ule. Mtu wa bima akatoa yake bila kuulizwa mara mbili.

Jirani alipoondoka, Mkubwa akasafisha koo. "Basi, shemeji. Naona mama anaweza kubaki."

"Anabaki kwa sababu mimi nataka na yeye anataka. Hukuombwa ruhusa." Akalisukuma begi kwa mguu, magurudumu yakazunguka mpaka kwa mwenyewe. "Na ukitaka kujua kama amekula, njoo ule naye. Kiti kipo. Juu ya kabati sitakuwekea macho tena. Na ile kamera nitaihamisha iangalie uani, ione wanaopiga hodi."

Mkubwa alikubali kwa kichwa. Halafu akatoa simu, akaigeuza geuza. "Mke wangu ametandika kitanda cha mama, ananisubiri. Ngoja nimjulishe. Mtandao wangu haushiki humu ndani, shemeji. Neno la siri ni lipi?"

Sindano alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Nenda pale barabarani," akamwambia, "unashika vizuri."

Akatoka. Nilifungua pazia kidogo nimwone. Mwanangu mkubwa alisimama katikati ya njia, amenyanyua simu juu ya kichwa, anazunguka kama anayetafuta upepo. Na kwenye geti la kulia Mama Hodi alikuwa ametoka na yake, mkono juu vilevile, anasogea hatua kulia, hatua kushoto. Hawakusalimiana.

"Funga pazia, Mama," Sindano akasema nyuma yangu, akaanza kushona.